Mirathi Mahakama ya Mwanzo: kutoka cheti cha kifo hadi jalada kufungwa

Baba alipofariki, familia ilimkabidhi baba mdogo kushughulikia mirathi, na hakuna aliyeona tatizo. Miezi mitano baadaye, mama akiwa ametoka eda juzi tu, baba mdogo alikuja nyumbani na karatasi yenye mhuri wa mahakama. Aliikunjua juu ya meza, akainyoosha kwa kiganja, akasema: "Hii ndiyo Fomu Namba Nne. Kuanzia leo mali ya kaka iko chini yangu." Mama aliitika "haya, shemeji," akaenda kuchukua vikombe vya chai. Sisi watoto tuliitazama ile karatasi kama watu wanaotazama hati ya nyumba.

Shamba la mpunga lilikuwa limekwisha kuuzwa ndipo tulipojua kuwa karatasi ile haikumpa baba mdogo hata jaruba moja. Ilimpa kazi ya msimamizi wa mirathi: akusanye mali, alipe madeni, agawe kwa warithi, kisha arudi mahakamani kueleza alichofanya. Baada ya hapo nilijifunza usaidizi wa kisheria, na tangu wakati huo nimekaa na familia nyingi kwenye benchi la nje ya Mahakama ya Mwanzo. Nyingi huvurugika mahali pale pale palipotuvuruga sisi: watu hupigania kuteuliwa, wakishateuliwa wanaona safari imefika mwisho, kumbe ndiyo kwanza inaanza. Ndiyo maana mwongozo huu unapita haraka kwenye mambo ya mwanzo na kukaa zaidi kwenye yale yanayofuata uteuzi.

Ninayoyaeleza ni ya Tanzania Bara. Zanzibar ina utaratibu wake, wenye Mahakama ya Kadhi na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana.

Kwanza, hakikisha mahakama ni sahihi

Mahakama ya Mwanzo inasikiliza mirathi ya mtu ambaye mali yake inatawaliwa na sheria ya Kiislamu au sheria ya kimila. Na lazima iwe mahakama ya eneo ambalo marehemu alikuwa na makazi yake ya kudumu. Mali inaweza kuwa imetawanyika mikoa mitatu, shauri linafunguliwa alikokuwa akiishi. Kama baba alikuwa na nyumba Mbagala anakoishi na mkewe, na shamba Kilombero alikozaliwa, usikubali ndugu wa kijijini wakafungue shauri kule kwa sababu tu "ndiko kwetu". Nimeona familia moja ina wasimamizi wawili, kila mmoja na fomu yake, kila mmoja na mhuri wake, na hakuna benki iliyomsikiliza hata mmoja wao.

Kwa Mwislamu hapa hakuna utata mwingi. Utata uko kwa Mkristo. Sheria haisemi kwamba kila Mkristo anatoka Mahakama ya Mwanzo moja kwa moja. Inaangaliwa namna alivyoishi na nia aliyoonyesha. Kama aliishi kwa mila za kabila lake, alioa kwa mila na akashughulikia mambo yake ya ukoo kimila, sheria ya kimila inaweza kutumika. Kama aliachana na mila, shauri ni la Mahakama ya Wilaya au mahakama za juu yake, na mgawanyo hufuata Sheria ya Urithi ya India ya mwaka 1865, ambayo bado inatumika kwetu hadi leo.

Usilichukulie jambo hili kama la mawakili peke yao. Familia hufungua shauri Mahakama ya Mwanzo kwa kuwa iko karibu, mambo yanakwenda vizuri, nyumba inauzwa, watoto wanapewa chao. Miaka inapita, ndugu mmoja asiyeridhika anakata rufaa au anaomba mapitio, mahakama ya juu inasema ile ya chini haikuwa na mamlaka, na kila kilichofanyika kinafutwa. Mnaanza upya, safari hii mkiwa mmeshagombana. Kwa hiyo kama marehemu alikuwa Mkristo, muulize karani au msaidizi wa kisheria swali hili kabla hujalipa hata senti.

Karatasi

Hapa hapahitaji maneno mengi. Unahitaji cheti cha kifo kutoka RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo. Ukiwa na kibali cha mazishi au taarifa ya kifo kutoka hospitali, au ya mtendaji kama alifia nyumbani, utaomba cheti ofisi ya RITA ya wilaya au kwa mfumo wao wa mtandaoni. Angalia majina. Marehemu aliyekuwa Juma Salehe kazini, Juma Saleh benki na Juma S. Mwinyi kwenye hati ya kiwanja atakusumbua kila dirisha utakalofika, na utahitaji kiapo cha kuthibitisha kuwa majina yote ni ya mtu mmoja. Kifanye mapema.

Kusanya pia cheti cha ndoa kama kipo, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, vitambulisho vya warithi, na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa au kijiji. Kama kuna wosia, usiufiche na usiufungue peke yako chumbani. Upelekwe kwenye kikao watu wote wakiwapo.

Mjane ambaye hana cheti cha ndoa asikate tamaa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 160, inatambua dhana ya ndoa kwa mwanamume na mwanamke walioishi pamoja miaka miwili au zaidi na kujulikana na watu kuwa ni mume na mke. Dhana hiyo inaweza kupingwa, kwa hiyo atafute mashahidi: majirani, balozi wa nyumba kumi, wazazi wa pande mbili, kadi ya kliniki yenye majina ya wote wawili.

Kikao cha familia

Mahakama itakuuliza muhtasari wa kikao. Watu wengi wanaamini kuwa sheria ndiyo inayosema kikao cha ukoo kimteue msimamizi. Ukweli ni kwamba kikao ni utaratibu uliozoeleka, na ni utaratibu mzuri kwa sababu unaonyesha hakimu kuwa warithi wana habari. Lakini anayeteua ni mahakama. Ukoo unapendekeza tu. Hakimu anaweza kumteua mtu mwingine mwenye maslahi katika mirathi, au hata mtu wa nje mwaminifu asiyeegemea upande wowote, akiona aliyependekezwa hafai. Kwa hiyo mjane anayeambiwa "ukoo umeshaamua, huna la kusema" bado ana la kusema, na mahali pa kulisemea ni mbele ya hakimu.

Nani aalikwe? Warithi kwanza. Inashangaza jinsi sentensi hiyo rahisi inavyosahaulika. Nimesoma mihtasari yenye sahihi za wajomba tisa na binamu watano, na hakuna sahihi ya mjane wala ya binti yeyote wa marehemu. Muhtasari wa namna hiyo ni karatasi ya kuanzishia ugomvi. Mke au wake wote, watoto wote wakubwa wakiwamo waliozaliwa nje ya nyumba hii na wanaojulikana, wazazi wa marehemu kama wako hai. Aliye mbali apigiwe simu na iandikwe kuwa amepigiwa. Hata mtoto ambaye mnadhani hastahili kurithi, mwite. Kama anastahili au hastahili, mahakama itasema. Mkimficha, ataibuka wakati mali imeshagawanywa.

Andika muhtasari wakati kikao kinaendelea, si kesho yake. Uwe na tarehe, mahali, majina ya waliohudhuria na uhusiano wao na marehemu, nani amependekezwa na nani alipinga na kwa sababu gani. Anayepinga asilazimishwe kutia sahihi. Kisha orodha ya warithi na orodha ya mali na madeni yanayojulikana siku hiyo. Kila mmoja atie sahihi au dole gumba mbele ya jina lake.

Kuhusu nani wa kumpendekeza, maoni yangu hayajabadilika kwa miaka yote hii: pendekezeni mtu anayejua kuandika matumizi. Mkubwa wa ukoo si lazima, na msomi wa familia aliye mbali na mwenye kazi nyingi mara nyingi ndiye anayechelewesha kila kitu. Mjane akiweza, awe yeye, au mjane pamoja na mtoto mmoja mkubwa. Mahakama inaruhusiwa kuteua zaidi ya mmoja. Wawili wanachungana, watatu au wanne wanagombana.

Kufungua shauri

Aliyependekezwa anakwenda mahakamani na karatasi zote, halisi na nakala, anajaza Fomu Namba Moja, ambayo ni ombi la usimamizi. Ndani yake kuna jina la marehemu, tarehe na mahali alipofia, makazi yake, warithi, na makadirio ya mali. Ada inalipwa kwa kontroli namba, yaani namba ya malipo ya serikali utakayopewa, kwa simu au kwa wakala. Usimpe mtu fedha mkononi, awe amevaa nini au ana haraka gani. Utapewa namba ya shauri. Iandike mahali pawili.

Huhitaji wakili kwa hatua hii. Mahakama ya Mwanzo imekuwa ikiendesha mambo yake kwa Kiswahili tangu zamani, kabla hata ya mabadiliko ya mwaka 2021 yaliyokifanya kuwa lugha ya mahakama zote nchini, na karani anaweza kukuonyesha mahali pa kujaza. Ukikwama, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria na mashirika yanayotoa huduma hiyo bure kwa wasio na uwezo. Ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri itakuelekeza waliko. Mwaka 2023 ilianza pia Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia, iliyozunguka mikoani. Na kwa wa Dar es Salaam, Temeke kuna Kituo Jumuishi cha Utoaji Haki cha masuala ya familia, ambako mahakama za ngazi mbalimbali ziko kwenye jengo moja.

Tangazo, na siku ya pingamizi

Mahakama itatoa tangazo la ombi lako, libandikwe kwenye ubao wa mahakama na mara nyingine pale marehemu alipoishi. Wakati mwingine utaambiwa uliweke gazetini. Tangazo limeandikwa tarehe ya kusikilizwa. Lipige picha kwa simu likiwa limebandikwa. Nimewahi kumwona muombaji anaulizwa "tangazo lilibandikwa kweli?" na ile picha yenye tarehe ikamwokoa.

Mwenye pingamizi anatakiwa alilete ndani ya muda wa tangazo. Kwa mrithi aliyerukwa, huu ndio wakati wako mwepesi kuliko mwingine wowote. Andika barua au jaza fomu ya pingamizi, taja namba ya shauri, eleza wewe ni nani kwa marehemu na unapinga nini hasa: unampinga muombaji, au unapinga orodha ya warithi, au unasema mali fulani si ya marehemu. Kusema tu "simwamini" hakutoshi. Sema aliuza ng'ombe wawili kabla ya matanga kwisha, na umlete shahidi aliyewaona wakipakiwa.

Siku ya kusikilizwa, warithi wafike. Hakimu atawauliza mmoja mmoja kama wanamkubali muombaji. Akiridhika anateua, na msimamizi anaapa kuifanya kazi kwa uaminifu. Anaweza pia kutakiwa kuleta wadhamini. Ndipo inatoka Fomu Namba Nne, yaani barua ya uteuzi wake.

Asiyeridhika na uamuzi ana siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya. Zihesabu kuanzia siku ya uamuzi, na omba nakala siku hiyo hiyo.

Daftari la msimamizi

Kuanzia hapa, ukiwa wewe ndiye uliyeteuliwa, nunua daftari kubwa lenye jalada gumu. Kurasa za mbele ziwe za mali, za katikati za madeni, za nyuma za fedha inayoingia na kutoka. Kila kinachoandikwa kiwe na tarehe, na kila fedha iwe na risiti iliyobandikwa.

Una miezi minne tangu kuteuliwa kuwasilisha Fomu Namba Tano, yaani orodha kamili na ya kweli ya mali na madeni ya marehemu. Miezi minne inakwisha upesi kuliko unavyodhani. Ikiwa unaona haitatosha, kwa sababu mwajiri hajajibu au hati haijapatikana, andika kuomba kuongezewa muda kabla haujaisha.

Kabla hujaandika chochote kwenye ukurasa wa mali, tenga kisichokuwa cha marehemu. Kiwanja kilichoandikwa majina ya mume na mke si chote cha mirathi. Sheria ya Ndoa, kifungu cha 60, inachukulia kuwa wenye mali kwa majina ya pamoja wana haki sawa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Cherehani, genge, akaunti ya mjane kwenye VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa, ng'ombe aliopewa na wazazi wake: hivyo ni vyake. Na hata nyumba yenye jina la mume peke yake, mjane anaweza kuonyesha alivyochangia. Katika shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, mwaka 1983, Mahakama ya Rufani ilikubali kuwa kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya ndoa. Lile lilikuwa shauri la talaka, lakini funzo lake limewapa wanawake wengi maneno ya kusimamia wanapoambiwa hawakuleta kitu.

Sasa orodha yenyewe. Ukiandika "shamba moja" hujaandika kitu. Andika hivi: shamba la mpunga, ekari tatu na nusu, kijiji fulani, kitongoji fulani, kaskazini limepakana na mfereji, mashariki na shamba la fulani, lilinunuliwa mwaka fulani, karatasi ya mauziano ipo. Kwa nyumba andika namba ya kiwanja na kitalu, vyumba vingapi, nani anakaa, wapangaji wanalipa kiasi gani na kwa nani. Gari, namba zake. Ng'ombe, idadi na rangi, kwa sababu ng'ombe wa marehemu wana tabia ya kubadilika kuwa wa jirani.

Kisha tafuta vilivyojificha. Salio la simu ya marehemu. Hisa za SACCOS. Kiinua mgongo na mafao ya mfuko wa hifadhi ya jamii. Nenda na Fomu Namba Nne, uliza wanahitaji nini kingine. Fedha alizokopesha watu. Bima. Nenda benki kila ambako kadi yake imeonekana. Fedha za benki siku hizi mara nyingi hupelekwa kwenye akaunti ya mirathi ya mahakama, na mahakama ndiyo inayolipa warithi kupitia akaunti zao, jambo ambalo mimi nalipenda kwa moyo wote. Limeokoa ada za shule za watoto wengi. Kama benki itataka kumlipa msimamizi moja kwa moja, fungua akaunti ya mirathi peke yake. Fedha ya mirathi isilale hata usiku mmoja kwenye akaunti yako.

Kodi ya wapangaji inayoingia wakati mirathi haijagawanywa ni mali ya mirathi. Iandike kila mwezi. Hapa ndipo wasimamizi waaminifu kabisa hujikuta wanaitwa wezi, kwa sababu walikuwa wanaitumia kulipia dawa za bibi na hawakuandika.

Madeni

Gharama za mazishi na madeni hulipwa kabla ya mrithi yeyote kupata kitu. Wanaodai walete ushahidi: karatasi, ujumbe wa simu, mashahidi. Deni lenye ushahidi, hata likiuma, ni deni. Lisilo na ushahidi likatae kwa upole na uandike kuwa umelikataa. Anayelidai anaweza kwenda mahakamani, na msimamizi ndiye atakayeshtakiwa kwa niaba ya mirathi.

Kabla hujalipa mkopo wa benki, uliza kama ulikatiwa bima. Mikopo mingi ya wafanyakazi huwa na bima inayolipa salio mkopaji akifa. Kuna mama mmoja aliuza bajaji ya marehemu mumewe kulipa deni ambalo bima ingelilipa. Hakuna aliyemwambia, na yeye hakujua kuwa kuna swali la kuuliza.

Kugawa

Kwa Mwislamu mafungu yako wazi, na inafaa warithi wote waone hesabu ikifanywa mbele yao. Chukua mfano. Baada ya mazishi na madeni, imebaki mali ya thamani ya shilingi milioni 48, na hakuna wosia. Marehemu ameacha mke mmoja, mama yake, mtoto wa kiume mmoja na mabinti wawili. Kwa kuwa kuna watoto, mke anapata moja ya nane: milioni 6. Mama moja ya sita: milioni 8. Zinabaki milioni 34 za watoto, wa kiume akipata mara mbili ya binti. Gawa kwa mafungu manne, kila fungu ni milioni 8.5, kijana anachukua 17, kila binti 8.5. Kama angeacha wosia kwa mtu asiye mrithi, usingezidi theluthi ya mali iliyobaki baada ya madeni, na ungetolewa kabla ya mafungu haya.

Mnaweza kuthaminisha nyumba na kumwachia mmoja, wengine wakapata shamba na fedha, mradi thamani zikubaliane na wote waridhike. Si lazima kila kitu kiuzwe. Nasema hivyo kwa sababu "tuuze tugawane" ndiyo sentensi ya kwanza inayotoka kwenye vinywa vya wasiokaa kwenye nyumba hiyo.

Kwa sheria ya kimila mambo ni mazito. Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963, Tangazo la Serikali Namba 436, kwa makabila yanayofuata ukoo wa baba, limewaweka mabinti daraja la mwisho katika mgawo na kusema mjane hana fungu kama marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake; fungu lake ni kutunzwa na watoto wake. Wajane wawili walilipinga Mahakama Kuu na mwaka 2006 hawakufanikiwa. Walikwenda hadi Kamati ya Umoja wa Mataifa ya kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, ambayo mwaka 2015 ilisema haki zao zimevunjwa. Ninapomsomea mjane kanuni hii, huwa natazama pembeni kidogo, kwa sababu ni vigumu kumwangalia usoni.

Lakini usimwache aondoke na hilo tu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kifungu cha 20, inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke, mtoto au mtu mwenye ulemavu haki ya kumiliki, kukaa au kutumia ardhi. Mwaka 1990, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu aliamua katika shauri la Bernardo Ephrahim dhidi ya Holaria Pastory kuwa mila iliyomzuia mwanamke kuuza ardhi ya ukoo aliyorithi ni ya kibaguzi na haiwezi kusimama na Katiba. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumnyima mtoto kunufaika na mali ya mzazi wake. Mjane aende na hoja hizi zimeandikwa kwenye karatasi, azisome hakimu akimpa nafasi. Na warithi wote wakikubaliana kumpa mjane na mabinti fungu sawa, mahakama itapokea makubaliano hayo kwa maandishi. Nimeona wazee wa ukoo wakikubali, tena bila kusukumwa, wanapoulizwa tu: huyu binti yenu, mngependa afanyiwe hivi huko alikoolewa?

Fungu la mtoto mdogo asipewe mtu mkononi "amtunzie". Liandikwe kwa jina lake, na namna litakavyotunzwa iamuliwe mbele ya hakimu. Kama hakuna wa kumwamini, uliza RITA kuhusu Kabidhi Wasii Mkuu, ofisa wa serikali anayeweza kusimamia mali kwa niaba ya wengine.

Kama kuna mali inayopaswa kuuzwa, pata ridhaa ya warithi kwa maandishi, ikiwezekana mbele ya mahakama, kabla hujapokea shilingi ya mnunuzi. Msimamizi aliyesababisha hasara kwa uzembe au ubadhirifu anawajibika kuifidia kutoka mfukoni mwake.

Fomu Namba Sita, na kufunga

Mali ikishagawanywa, unajaza Fomu Namba Sita: hesabu ya kilichoingia, kilicholipwa, na nani amepata nini. Daftari lako ndilo linaloandika fomu hii. Asiye na daftari huanza kubuni. Ambatanisha sahihi za warithi kuwa wamepokea. Mahakama inawaita, inawauliza, na ikiridhika inatoa amri ya kufunga shauri.

Kwa ardhi yenye hati, kazi inaendelea kwa Msajili wa Hati: kwanza hati inaandikwa jina la msimamizi kama mwakilishi wa marehemu, kisha inahamishiwa kwa mrithi. Kwa ardhi ya kijiji, nenda halmashauri ya kijiji na nakala ya amri.

Msimamizi akikaa kimya

Mrithi, usifungue shauri jipya mahakama nyingine, na usimkimbilie mtendaji akutolee amri. Rudi kwenye jalada lile lile, kwa namba ile ile. Andika barua kuomba msimamizi aitwe alete Fomu Namba Tano au hesabu zake. Sema ni miezi mingapi imepita. Akipuuza wito, au ikionekana aliupata usimamizi kwa udanganyifu, au ameifuja mali, omba uteuzi wake utenguliwe na ateuliwe mwingine. Wewe na msimamizi mkigombania mali ya mirathi wakati shauri liko wazi, pa kusemea ni hapo. Mtu wa nje anayedai kuwa kiwanja ni chake, huyo ndiye mtakayekutana naye kwenye vyombo vya ardhi.

Sisi tulifanya hivyo kwa kuchelewa, mwaka wa tatu. Baba mdogo aliitwa, akaja na karatasi mbili za daftari la shule, mwandiko wa penseli. Hakimu alimsomea yale aliyoapa siku ya kuteuliwa. Shamba halikurudi, lakini thamani yake ilikatwa kwenye fungu ambalo bibi, mama yao, alikuwa amemwachia yeye kwa hiari, na mama yangu akapata moja ya nane yake kwa shilingi kamili. Mahakama ilimteua dada yangu kumalizia.

Siku amri ya kufunga ilipotoka, dada aliomba nakala tatu zilizothibitishwa. Moja alimpa mama, moja alibaki nayo, moja akampelekea baba mdogo nyumbani kwake, akakaa naye akamsomea yote. Omba nakala za kutosha na wewe. Miaka sita baadaye, mdogo wetu alipotaka kuweka kiwanja chake kwa jina lake, kitu cha kwanza alichoulizwa dirishani kilikuwa ile karatasi, na mama aliitoa chini ya godoro ikiwa bado ndani ya bahasha yake.